Nimegawiwa wanafunzi 30 niwashauri kitaaluma, nianzie wapi?

Mwalimu_Raskazone: Wakuu, salaam. Nafundisha chuo kimoja hapa Tanga. Idara imenigawia wanafunzi 30 wa mwaka wa kwanza, niwafuatilie mmoja mmoja. Vipindi vyangu viko palepale. Sitaki kuishia kusaini fomu za usajili wa kozi. Mnaofanya kazi hii mnapangaje?

MamaChumbageni: Pole na hongera. Dakika 20 kwa kila mmoja, mara moja kila wiki tatu. Hapo ni wanafunzi 10 kwa wiki, watano Jumanne, watano Alhamisi. Usiulize "unaendeleaje", utajibiwa "vizuri tu". Aje na jaribio lililosahihishwa. Chagua swali alilokosa, mpe karatasi tupu, alifanye upya mbele yako huku akieleza. Hapo utajua kama hakuelewa, alielewa akasahau, au alisoma swali vibaya. Asiyeelewa arudi kwa mwalimu wa kozi. Aliyesahau ajiulize bila daftari kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki. Anayekosea kusoma swali afanye mitihani ya nyuma, saa iko mezani.

Ngamiani_Kati: Mimi ningeanza na saa. Krediti, yaani kipimo cha uzito wa kozi, moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, vipindi vikiwemo. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Kwa muhula wa wiki 15 ni saa 8 kila wiki. Akihudhuria vipindi vya saa 3, bado anadaiwa 5. Mchoree wiki yake aone zinakaa wapi. Madesa (notsi za kukariri) ya usiku wa mtihani hayazibi pengo hilo, ndipo sapu, yaani mitihani ya marudio, zinapoanzia.

Mwalimu_Raskazone: Na anayesema bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) halijaingia, hajala?

MamaChumbageni: Mpeleke ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi siku hiyohiyo. Usimkopeshe, akishindwa kulipa atakukwepa, na vikao ndiyo basi. Mlango uwe wazi wakati wa kikao, na kama mitihani yake unaisahihisha wewe, mtihani ujao usiuzungumzie kabisa. Mwisho aandike yeye mwenyewe atafanya nini na lini. "Nitajitahidi" usiipokee. "Jumamosi saa 3 asubuhi, maswali matano ya takwimu, nitayaleta" hiyo sawa.

Mwalimu_Raskazone: Wasiotokea je?

Ngamiani_Kati: Ujumbe mmoja kwa simu yake, wenye nafasi mpya. Akikosa tena, mngoje mlangoni kipindi kikiisha. Ukimtaja kwenye grupu la WhatsApp, humuoni tena.