Chaki za bei ndogo za mashine ya kukereza mbao: tupeane uzoefu, yako uliipimaje?

Mkereza wa Sakina

Wakuu, habari za jioni. Niko Sakina, Arusha, nakereza bakuli na vinara vya mishumaa vya kuuza maduka ya watalii, mwaka wa nne huu. Vijana wanaoanza wananiuliza swali moja: chaki ya bei ndogo (kile kibanio cha chuma kinachofungwa kwenye shafti, yaani mhimili unaozunguka wa mashine, kushika mbao) itafaa, au ndiyo hela imekwenda? Naomba kila aliyewahi kuitumia aseme aliipimaje na alikuta nini. Naanza mimi.

Chaki yangu ya kwanza niliagiza mtandaoni, ya meno manne yanayobana kwa pamoja. Mpaka inanifikia mkononi imekula laki mbili na ushee. Nikaifunga, nikawasha, ikayumba hadi patasi zikawa zinatembea mezani. Nikajua nimepigwa. Wiki mbili sikuigusa. Mwisho nikaipeleka Unga Limited kwa mzee mmoja anayechonga vyuma. Akaniambia, "Kijana, uzi wa skrubu unavuta tu. Kinachoinyoosha chaki ni bega la shafti." Akapaka wino wa kalamu nyekundu kwenye bega, ule ukingo bapa nyuma ya uzi wa shafti, akakaza chaki, akaifungua tena. Wino ulikuwa umefutika sehemu moja tu, upana wa ukucha. Kumbe mdomoni mwa tundu la chaki kulibaki kibanzi cha chuma tangu kiwandani. Kwa macho hukioni, ila ukipitisha kidole kinakwaruza. Akakisugua kwa tupa ndogo, dakika tano. Akarudia wino, safari hii ukafutika duara zima. Chaki hiyo ninayo hadi leo.

Fundi Pasua

Mkuu, mimi niko Moshi na kilichoniumiza ni uzi wenyewe. Shafti ya mashine yangu ni ya inchi 1, nyuzi 8 kwa inchi. Muuzaji akanihakikishia chaki yake inaingia mashine zote. Kuifungua boksi, chaki imekatwa uzi wa M33, yaani kipenyo cha milimita 33, ndani yake kuna bushi, pete yenye uzi ya kushusha hadi inchi 1. Hapo una uzi juu ya uzi, na kila mmoja una kosa lake dogo. Mbaya zaidi, nikifungua chaki, bushi inabaki imeng'ang'ania shafti, na nikiirudisha haikai pale ilipokuwa. Bakuli nililolitoa jana ili likauke, leo halirudi katikati. Nilihangaika miezi mitano, nikaiuza, nikanunua nyingine ya bei ileile ila uzi umekatwa moja kwa moja kwenye mwili wa chaki. Pimeni shafti kabla ya kuagiza, kipenyo na idadi ya nyuzi.

Dada wa Ngaramtoni

Shikamooni wakubwa. Jamani, chaki mpya ifungueni yote kabla hamjaitumia. Yangu nilipozungusha ufunguo ilikuwa inakwama-kwama kama ina mchanga ndani. Nikatoa skrubu za mgongoni, nikaitumbukiza yote kwenye beseni la mafuta ya taa. Chini ya beseni likatulia vumbi jeusi la chuma lililochanganyika na grisi. Nikasugua kwa mswaki ile sahani yenye mfereji wa mzunguko inayosukuma meno, nikakausha, nikapaka mafuta kidogo tu. Grisi nyingi inashika vumbi la mbao na kugeuka uji mgumu.

Meno yana namba 1 hadi 4, na njia zake zina namba vilevile. Ukiyaingiza bila mpangilio hayakutani katikati. Mwenzangu alikuwa tayari kuirudisha chaki nzima kwa sababu hiyo peke yake.

Skrubu za kushikia meno zilikuwa laini kupita kiasi. Mara ya tatu kufungua, tundu la ufunguo lilishakuwa duara. Nilinunua nyingine duka la bolti, zenye alama 12.9 kichwani, sijapata shida tena. Halafu angalieni pini ya kuzuia: fungua meno mpaka mwisho, na kama yanadondoka mkononi, ujue pini haipo, na jino linaweza kuruka mashine ikizunguka. Yangu haina. Kwa hiyo siyatoi meno kupita ukingo wa chaki, na mwanafunzi haigusi kama sipo.

Mzee wa Mpingo, Moshi

Marahaba binti, umesema vizuri. Mimi nakereza mabaki ya mpingo, na mti huu siuchezei. Tangu 1996 hapa Moshi kuna mradi wa kuupanda, ulioanzishwa na marehemu Sebastian Chuwa pamoja na mkereza mbao wa Marekani, James Harris. Kipande kikipotea kinaniuma.

Siku moja kipande kiliruka, kikapita karibu na sikio, kikagonga bati. Mpingo ni mzito hadi unazama majini, kwa hiyo nilitetemeka jioni nzima. Nikailaumu chaki. Nilipookota kile kipande nikaona kosa ni langu. Ulimi nilioukata, ile sehemu ya mbao inayobanwa na meno, ulikuwa mrefu, ukawa unagusa sakafu ya chaki, na mabega yake yakabaki yananing'inia bila kukaa juu ya meno. Tena niliukata wima, wakati meno yangu yameinama yanataka ulimi mwembamba shingoni. Sasa chaki naijaribu kwa kipande cha shafti ya chuma iliyonyooka ya milimita 50. Nakibana, nasogeza ncha ya penseli, nazungusha kwa mkono. Chuma kikikimbia penseli, chaki ina kosa. Kikikaa sawa, naangalia mikono yangu.

Mgeni wa Njiro

Wakuu, mimi bado sijanunua. Kuna mashine dukani, kitanda chake, ule mwili mrefu wa chini, ni bati lililokunjwa. Nikiiwekea chaki nzuri si itatulia?

Mkereza wa Sakina

Hapana mdogo wangu, haitatulia. Kabla hujatoa hela, zima umeme, ingiza kipande cha mbao chini ya shafti uinue. Ikicheza, beringi hazifai. Sogeza kichwa cha nyuma, kile kinachoegemea mwisho wa mbao, mpaka ncha yake ikutane na ya mbele. Zikipishana kwa unene wa kijiti cha kiberiti, iache. Uliza pia mwendo wake wa chini kabisa. Zidisha kipenyo cha kazi kwa inchi na mizunguko ya dakika moja, jibu likae kati ya 6000 na 9000. Mashine isiyoshuka chini ya mizunguko 750, bakuli la inchi 12 liko ukingoni tayari, na gogo ambalo halijawa duara ni hatari kabisa.

Ningekuwa wewe ningetafuta mashine ya mtumba ya chuma cha kumwaga, nianze na sahani ya chuma ya kufungia mbao kwa skrubu, chaki nikanunue baadaye. Ukishaipata, njoo Sakina Jumamosi na vipimo vya shafti. Wino ninao.