Mjadala: Picha ghafi za tamasha zibaki Mtwara, au ziondoke zote na mtayarishaji?

Mpiga video, Chikongola (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Wazee wetu, shikamooni.

Nina jambo nataka tulijadili kabla kiangazi hakijaingia. Kuna mpango wa tamasha kubwa la muziki wa wazi ufukweni hapa Mtwara, siku tatu mfululizo. Bendi za magitaa, roki yenyewe, na ngoma zetu zitapanda jukwaa moja nazo. Watayarishaji kutoka nje ya mkoa wanataka kulitengenezea filamu ya kumbukumbu ya saa mbili. Mimi kazi yangu ni harusi na sherehe za jando, na nimeitwa niwe mmoja wa wapiga picha wao. Nilifurahi sana, mpaka nikasoma mkataba. Umeandikwa kwamba picha zote, zitakazotumika na zisizotumika, ni mali ya mtayarishaji, na usiku wa mwisho anaondoka na diski zote.

Nauliza: nakala ya picha ghafi, yaani zote kama zilivyotoka kwenye kamera kabla ya kuhaririwa, ibaki Mtwara au isibaki? Mimi nasema ibaki, na iwe sharti ndani ya mkataba. Tukiliacha kama ombi la mdomo, ndiyo basi tena.

Sababu zangu hizi. Agosti 1969 lilifanyika tamasha la Woodstock, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa pale Bethel, jimbo la New York. Walifika watu zaidi ya 400,000. Uzio haukuwahi kumalizika, wengi wakaingia bure, mvua ikanyesha, waandaaji wakabaki na madeni. Mwaka uliofuata ikatoka filamu aliyoiongoza Michael Wadleigh, ikapata tuzo ya Oscar na ikaingiza fedha nyingi sana. Tamasha lilikula hasara, picha zake zikalipa. Kwa hiyo anayeshika picha ameshika kitu kikubwa kuliko anayeshika mlango wa tiketi.

Kiangazi hichohicho, mjini New York, watu wa Harlem, mtaa wa Wamarekani weusi, walikuwa na tamasha lao katika bustani ya Mount Morris, Jumapili sita. Walipiga Stevie Wonder, Nina Simone, B.B. King. Hal Tulchin, mtayarishaji wa televisheni, alirekodi saa 40 hivi, lakini hakukuwa na mtu wa kuzitolea filamu, na mikanda ikakaa karibu miaka 50. Mwanamuziki Questlove ndiye aliyekuja kuitengeneza filamu yake, ikatoka mwaka 2021, mwaka uliofuata ikapata Oscar nayo. Ndani yake kuna mtu aliyekuwepo pale akiwa mtoto. Anaonyeshwa picha zile akiwa mtu mzima, na machozi yanamtoka. Mimi nilisimamisha video pale nikatoka nje kwanza.

Sasa sisi watu wa kusini hatuhitaji mfano wa Harlem, tuna Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya yule mjusi mkubwa wa kale huko Lindi, wapagazi wetu wakaibeba mpaka bandarini, na leo amesimamishwa Berlin, kimo chake kinapita meta 13. Mtoto wa Lindi anamjua kwa kusimuliwa. Sitaki mwanangu aambiwe kwamba ngoma ya babu yake aliyoipiga Mtwara ipo, ila iko kwenye kabati la mtu mwingine.

Karibuni.

Mtayarishaji wa filamu, mzaliwa wa Masasi, niko Dar

Kaka, nakuheshimu, ila hapa umechanganya mambo.

Mtayarishaji ndiye anayekopa. Anakodi kamera, anawalisha watu thelathini siku tatu, analipia jenereta, na bado hajui kama filamu itauzika. Mali aliyobaki nayo ni zile picha. Nakala nyingine ikikaa Mtwara kwenye diski ya fulani, haichukui wiki mbili kabla kipande hakijazunguka kwenye simu za watu. Mnunuzi akiona wimbo mkubwa wa filamu umesharuka bure, anakata bei au anaondoka kabisa. Nimeyaona yakitokea.

Na muziki ndio mgumu zaidi. Kutumia wimbo kwenye filamu unahitaji ridhaa ya mtunzi, ya mpigaji, na ya mwenye rekodi kama ipo. Msanii anaweza kukataa katikati ya shughuli. Neil Young alikataa kupigwa picha palepale Woodstock, na wenzake aliopanda nao jukwaani wakarekodiwa. Je, msanii akisema wimbo wake ufutwe, nani atahakikisha umefutwa na kwenye diski yako ya Chikongola?

Mimi sipingi kumbukumbu. Napinga kumfunga mtu mzigo kabla hajaanza safari. Ukiweka masharti mazito, tamasha litafanyika na filamu haitakuwepo, halafu tutabaki na vipande vya simu vinavyotetemeka.

Mama lishe, Shangani

Wanangu, mnabishana kuhusu wenye magitaa na wenye kamera. Sisi tutakaokuwa pembeni na masufuria tumo humo? Maana kamera haichagui. Siku moja kwenye sherehe ya wazi nilipigwa picha nikicheza, nimejifunga kanga, nimefurahi zangu. Baadaye nikaikuta kwenye bango la kutangaza kinywaji nisichokunywa. Sikuulizwa, na shilingi sikupata. Nyumbani palikuwa hapakaliki mwezi mzima. Mwenye hoja ya diski sawa, lakini mimi naanza na uso wangu.

Mwanafunzi wa sheria, Lindi mjini

Shikamoo mama. Swali lako lilishafika mahakamani, tena kutokana na filamu hiyohiyo ya Woodstock. Mle ndani kuna mzee anasafisha vyoo vya kuhamishika. Anaongea na wapiga picha, anasema ana mtoto mmoja hapo tamashani na mwingine yuko vitani Vietnam. Ni sehemu ambayo watazamaji wengi wanaikumbuka kuliko baadhi ya nyimbo. Yule mzee alishtaki. Alisema hakuridhia kuwekwa kwenye filamu ya biashara. Mahakama ya kwanza ikampa ushindi mtayarishaji bila kesi kusikilizwa kwa ukamilifu. Mwaka 1973 mahakama ya rufaa ikatengua, ikataka shauri lisikilizwe. Kwa hiyo hoja ya kwamba uko mahali pa wazi basi huna neno haikukubaliwa kirahisi hata huko.

Kwetu tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Hiyo hakishiriki ndiyo inayomgusa mtumbuizaji: kurekodi anavyotumbuiza kunataka ridhaa yake, awe na gitaa au na ngoma. Sheria hiyo ina sehemu pia ya kulinda sanaa za jadi zinapotumiwa kibiashara nje ya mila zake. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Na kaka wa Masasi, hili la picha ghafi si la ajabu kama unavyolifanya. Mabadiliko ya sheria ya filamu ya mwaka 2019 yaliwataka wageni wanaopiga filamu nchini wakabidhi picha ghafi kwa Bodi ya Filamu. Kumbe wazo limeshakubalika kwamba asiondoke mtu na kila kitu. Tunachojadili hapa ni mkoa, na ni watayarishaji wa ndani pia.

Kijana wa Kilwa

Gesi ya Mnazi Bay ilipopangiwa bomba la kwenda Dar, mwaka 2013 zilizuka ghasia Mtwara za kupinga mpango huo, watu wakaumia, na wengine walipoteza maisha. Wanaoshangaa kwa nini watu wa huku wanauliza "na sisi kinabaki nini" wakumbuke hapo. Naunga mkono nakala ibaki.

Bibi wa Newala (mjukuu ananiandikia)

Nimesomewa yote. Wote mnasema vizuri, ila hamjui mnachokiita ghafi.

Mimi nimewacheza wali unyagoni tangu ujana wangu, nimekuwa kungwi miaka mingi. Ngoma yetu ina sehemu ya uwanjani na sehemu ya ndani. Ya uwanjani pigeni picha mchoke. Ya ndani ina wenyewe. Mtu wa kamera akishaingia anapiga kila kitu, ndiyo kazi yake. Atapiga mapiko, wale wachezaji wetu wanaovaa sura za mti, wakivalishwa nyuma ya uzio. Mwanamke hapaswi kujua ni nani aliye ndani ya lipiko. Atanasa nyimbo za unyago wanawake wakikumbushana kabla ya kutoka.

Sasa mwanangu wa Chikongola, picha hizo zikienda Ulaya, mzungu ataona mtu anavaa sura ya mti, hamjui, hajali. Zikibaki Mtwara, zitaonwa na mke wa yule aliyevaa, na watoto wasiochezwa, na jirani. Unaposema zibaki nyumbani ndipo unapoleta hatari nyumbani. Mjusi wa Tendaguru hana siri. Sisi tunazo.

Mpiga video, Chikongola (mwanzisha mada)

Bibi, shikamoo. Nimekaa na maneno yako tangu jana usiku na sijapata pa kupita.

Nilikuwa nimeona madhara ya picha kuondoka, sikuona ya picha kubaki. Na mimi mwenyewe nimefanya hilo unalolisema. Kwenye diski zangu za sherehe kuna vitu nilivyopiga kwa sababu kamera ilikuwa imewashwa, si kwa sababu niliruhusiwa. Wiki hii nitakaa na wazee waliosimamia sherehe hizo tuziangalie, na wakisema futa, nafuta.

Lakini sirudi nyuma kwenye hoja yangu, narekebisha tu. Picha ambayo haikupaswa kupigwa isibaki Mtwara, na isiondoke pia. Ifutwe uwanjani siku hiyohiyo, kabla hata ya nakala ya mtayarishaji kutolewa. Ikishafika Berlin au Dar itarudi tu, intaneti haina mpaka wa Rufiji. Nyuma ya jukwaa kwenye uzio wa ngoma kamera isiingie kabisa, hata ya kikundi chenyewe.

Mama wa Shangani, wewe pia uko sahihi, nilikuruka. Mtu akizungumza na kamera, au akipigwa yeye peke yake kwa karibu, asaini au aseme ndiyo mbele ya kamera, tena kwa Kiswahili kinachoeleweka, aambiwe ni filamu na ni ya kuuzwa. Umati wa watu kwa mbali ni kitu kingine. Na picha ya tamasha isigeuzwe tangazo la bidhaa bila ridhaa nyingine mpya. Hilo nitalipigania kama la diski.

Kaka wa Masasi, hofu ya kuvuja ni ya kweli. Basi nakala ifungwe mpaka filamu itoke. Nakala yenyewe si mlima. Kamera yenye picha ya kiwango cha juu, inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde, inakula gigabaiti 45 kwa saa. Kamera nne, saa kumi kwa siku, siku tatu, ni terabaiti tano na nusu hivi. Diski mbili. Bei yake hata kwenye bajeti ya chakula haionekani.

Na picha ghafi huwa shahidi pia. Desemba 1969, miezi michache tu baada ya Woodstock, kwenye tamasha la Altamont kule California kijana aliuawa mbele ya jukwaa. Kamera za filamu zilinasa tukio, na picha zile zikaonyeshwa mahakamani. Mshtakiwa aliachiwa huru, ilionekana alijitetea. Sisemi yatatokea hapa, Mungu apishe mbali. Nasema likitokea la kutokea, mkoa usianze kumtafuta mtu aliyeko safarini.

Fundi sauti, Ligula

Niongeze la kwangu. Kiangazi huku ni kusi. Upepo ule ufukweni unaingia kwenye maiki mpaka husikii ngoma wala gitaa. Chukueni sauti moja kwa moja kwenye miksa, kila chombo na njia yake, na maiki za nje zivishwe manyoya. Nakala itakayobaki iwe na sauti hizo zikiwa zimetengana. Picha bila sauti safi mtoto wa kesho hawezi kujifunzia ngoma. Na diski zisikae nyumba za pwani, chumvi inakula kila kitu. Moja maktaba ya mkoa, nyingine ipandishwe Newala, mbali na bahari.

Mtayarishaji wa filamu, mzaliwa wa Masasi

Kufungwa mpaka filamu itoke, nakubali. Ila filamu nyingine haitoki miaka mitano. Wekeni na kikomo, na aandikwe mtu mmoja anayewajibika kisheria diski ikifunguliwa kabla. Kwa hali hiyo mimi ningesaini. Kuhusu kufuta siku hiyohiyo bado sikubaliani. Usiku wa tamasha watu wamechoka, itaishia kufutwa hata picha isiyostahili, na kilichofutwa hakirudi. Pigeni marufuku kamera kwenye uzio, hiyo inatosha.

Mpiga video, Chikongola (mwanzisha mada)

Haitoshi, kaka. Uzio hauzuii maiki, na nyimbo zinasikika nje. Lazima kuwe na mtu wa kusikiliza.

Kikomo nitaandika miaka mitatu. Jumatatu napeleka marekebisho, na wasipoyakubali sitapiga picha hizo. Bibi, naomba uwepo siku zote tatu tutakapokuwa tunapitia picha jioni.

Bibi wa Newala (mjukuu ananiandikia)

Kwa nyimbo za unyago nitakuja, mnitafutie pa kulala na mwanamke wa kukaa naye kwenye hiyo mashine. Kwa mapiko usiniite mimi. Mimi siruhusiwi kuviona vitu hivyo hata kwa kuvifuta. Nenda kwa wazee wa mapiko wenyewe, na uende mapema, uende na adabu, wala usianze na habari ya kamera.