Majirani wa Geti la Bluu: mtaro wetu uko wapi ndani ya bajeti?

JUMATATU JIONI

Katibu: Majirani, hamjambo. Makadirio ya bajeti ya kaunti yetu ya Nairobi yashafika bungeni. Kisheria mwisho wake ni Aprili 30, na Bunge la Kaunti linatakiwa liwe limeyapitisha kufikia Juni 30. Hapo katikati ndipo sisi tunaposikilizwa. Nimetuma faili hapo juu. Ni ndefu kwa sababu ina wadi zote 85, lakini nendeni moja kwa moja kwa wadi yetu.

Mama Duka: Nimefika. Mstari unaotuhusu ni mmoja: "Ukarabati wa mitaro ya maji ya mvua", halafu jina la wadi. Basi. Mtaro upi sasa? Wadi ni kubwa.

Baba Pacha: Mstari huo ulikuwepo mwaka jana, tena neno kwa neno. Mtaro hatukuuona.

Shosh: Wanangu, mimi faili haifunguki kwa simu yangu. Nisomeeni tu. Maji ya wiki jana yaliingia mpaka chini ya kitanda, na mvua ilikuwa ya saa moja.

Kijana wa Saiba: Pole Shosh. Kesho nakuletea kurasa zetu zikiwa zimechapishwa, kwa herufi kubwa.

Shosh: Mungu akubariki.

Fundi wa Stima: Kwani na mulika mwizi, ile taa ya nguzo ndefu ya pale stendi, haimo? Hiyo ndiyo shida yangu kubwa. Wasichana wanashuka matatu saa mbili usiku wanapita gizani.

Mama Duka: Haimo. Nimetafuta "taa" ukurasa wote.

Mwalimu: Fundi, hebu tafuta kwenye sehemu ya matumizi ya kawaida, si ya maendeleo. Mulika mwizi yetu ipo tayari, imesimama. Inachohitaji ni kukarabatiwa, na pesa za ukarabati hukaa pamoja na za bili ya umeme, mafuta ya magari na karatasi za ofisi. Za maendeleo ni za kujenga kitu kipya.

Fundi wa Stima: Kumbe. Kwa hivyo tukiomba mulika mwizi mpya tunaomba kitu tusichohitaji. Ile nguzo ni nzima kabisa. Nimeiangalia kwa karibu: kifuniko cha lile sanduku la chini kimeng'olewa na waya zimekatwa ndani. Taa mbili za juu zimeungua. Hiyo si kazi ya mwezi mzima.

Mwalimu: Ndiyo maana nataka tuandike hivyo hivyo ulivyosema. Mpya inapendwa kwa sababu ina kibao na siku ya uzinduzi. Kukarabati hakuna mtu anayekata utepe, kwa hivyo lazima mwananchi ndiye akumbushe.

Baba Pacha: Mwalimu nakuheshimu, lakini hivyo vikao vya kusikiliza wananchi ni vya kupiga picha na kupewa soda. Wakubwa wameshaamua. Sisi tunaenda kutia sahihi ya kuhudhuria ndio waseme wananchi walikuwepo.

Mama Duka: Baba Pacha, usiwavunje watu moyo kabla hatujaanza.

Baba Pacha: Sivunji mtu moyo, Mama. Nauliza tu faida. Mimi nikikosa kazi siku moja ni siku moja ya unga.

Mwalimu: Swali lako ni la haki, na nitakujibu bila kuzunguka. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013, yote, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kaunti jirani hapo tu. Katiba, Kifungu cha 196, inalilazimu Bunge la Kaunti kufanya shughuli zake wazi na kuwahusisha wananchi. Kwa hivyo hawatufanyii hisani. Wasipotusikiliza, kazi yao yenyewe inaweza kuanguka mahakamani.

Baba Pacha: Sawa, sheria nimeielewa. Mtaro sijauona bado.

Mwenyekiti: Na hilo ndilo la kujibu. Mbona mstari unapitishwa na mtaro haujengwi? Katibu ulisema utatueleza.

Katibu: Nitaeleza kwa vipande, mnivumilie.

Katibu: Bajeti ikipitishwa ni ruhusa ya kutumia. Pesa yenyewe bado haijaingia. Sehemu inatoka serikali kuu, sehemu kaunti inajikusanyia: kodi ya ardhi, leseni za biashara, maegesho ya magari. Mwaka wa fedha wa 2023/24 Nairobi ililenga kukusanya karibu bilioni 20 na ikapata bilioni 12 na ushee. Hiyo tofauti lazima mtu aipoteze.

Mama Duka: Na mishahara haiwezi kungoja.

Katibu: Haiwezi. Mishahara hulipwa kwanza, miradi inangoja. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti itengewe maendeleo. Lakini kutenga na kutumia ni vitu viwili tofauti.

Katibu: Halafu hata pesa ikiwepo, haichukuliwi hivi hivi. Inakaa kwenye mfuko wa mapato wa kaunti, na kila inapotolewa ni lazima Mdhibiti wa Bajeti aidhinishe. Kwa hivyo kuna idhini ya bunge, kuna tenda, kuna kazi, kuna idhini ya Mdhibiti, ndipo malipo.

Mama Duka: Mdogo wangu anauza kokoto. Aliwahi kumpa mwanakandarasi mmoja mzigo wa mtaro kama huu kwa mkopo. Alilipwa baada ya watoto wake kupanda madarasa mawili. Sasa ukimtajia kazi ya aina hiyo anataka pesa mbele.

Katibu: Na Nairobi ndiyo inayoongoza kaunti zote 47 kwa madeni ya namna hiyo. Mwanakandarasi akijua atangoja miaka, ama haombi tenda, ama anaweka bei juu ili kungoja kwake kulipiwe. Na sisi tunapata mtaro mfupi kwa pesa nyingi.

Shosh: Enzi za kanjo, lile baraza la jiji la zamani, ilikuwa hivyo hivyo. Diwani anakuja, anaonyesha kwa kidole, anaandika. Tofauti ni kwamba wakati huo hakuna aliyekuonyesha kitabu cha hesabu. Leo mnacho mkononi. Kitumieni.

Mwenyekiti: Shosh amefunga mjadala wa kwenda au kutokwenda. Tunaenda. Sasa tuseme nini?

JUMANNE

Mwalimu: Nimeamka na wazo. Tukisimama pale tuseme "tunataka mtaro", watajibu "upo kwenye bajeti", nao watakuwa wamesema kweli. Mstari upo. Usichokuwa nacho ni mahali. Tuombe uandikwe mahali: kutoka wapi hadi wapi, mita ngapi. Mstari wenye jina la wadi peke yake unaweza kuchimbwa popote, au usichimbwe, na hakuna mtu wa kumuuliza.

Baba Pacha: Hapo sasa umenigusa.

Mama Duka: Kutoka geti hadi kwangu, halafu upinde mpaka kalvati ya barabara kubwa. Bila kufika kalvati maji yataenda kwa jirani wa chini. Tusijitatulie tukamtesa mwenzetu.

Mwenyekiti: Na barabara kubwa si ya kaunti, hiyo ni ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini ya serikali kuu. Tusiombe watu wa kaunti waguse kalvati. Tuombe mtaro ufike hapo, na KURA tuandikie barua yetu kando.

Kijana wa Saiba: Na lile darasa la shule ya msingi lenye paa bovu? Tuliweke pia?

Mwalimu: Hapana, kijana wangu. Kaunti inashughulikia chekechea. Shule ya msingi ni ya serikali kuu, na madarasa mengi yamejengwa kwa CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo la mbunge. Tukilichanganya humu watatuambia tumekosa mlango, na mtaro utapotelea hapo.

Kijana wa Saiba: Nimekuelewa Mwalimu.

Katibu: Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria hiyo ya 2012 inasema wabunge wa kaunti wakiongeza pesa mahali pamoja, lazima wapunguze mahali pengine. Hawawezi kuongeza tu. Kwa hivyo tukiomba pesa za kukarabati mulika mwizi, tupendekeze zitoke wapi.

Baba Pacha: Toeni kwa mishahara yao!

Katibu: Mishahara haishikiki kwa barua yetu. Angalieni nambari zilizo kando ya kila mstari. Zinazoanza na 21 ni za wafanyakazi. Zinazoanza na 22 ni za bidhaa na huduma. 31 ni ujenzi na ununuzi wa mali. Sasa shukeni kwenye 22: 2210400 ni safari za nje ya nchi. 2210700 ni mafunzo. 2210800 ni ukarimu, yaani chai, chakula na kukodi kumbi.

Mama Duka: Ukarimu una mstari wake kila idara?

Katibu: Karibu kila idara.

Shosh: Msiguse dawa za zahanati. Hilo tu nawaomba. Hata maji yaniingilie mwaka mwingine, dawa za presha zisipungue.

Mwenyekiti: Shosh, hakuna atakayegusa dawa. Na hatutaki uingiliwe na maji pia.

Mwalimu: Tupendekeze ukarimu na safari za nje. Si kwamba mgeni asipewe chai. Ni kwamba msichana anayeshuka matatu usiku ana haki ya kutangulia mbele ya ukumbi wa kukodi. Mimi hilo nitalisema wazi pale mbele, na sitaona haya.

Fundi wa Stima: Nitasimama na wewe Mwalimu. Nitaeleza ule ukarabati unahitaji nini, kitu kwa kitu, wasije wakaandika bei ya nguzo mpya.

Baba Pacha: Mimi nitapima mtaro. Nani ana futi kamba ndefu? Yangu ni ya mita tano.

Fundi wa Stima: Ninayo ya mita 50. Pita jioni.

JUMATANO USIKU

Baba Pacha: Tumepima na Fundi. Geti hadi kwa Mama Duka mita 64. Hapo hadi kalvati mita 91. Jumla 155. Mifuniko mitatu imevunjika, mmoja mbele ya duka kabisa, pale watoto wanaruka wakitoka shule. Na tumegundua kitu: kuanzia duka kwenda chini mtaro upo, umejaa mchanga tu na mizizi. Wa kujengwa upya ni hizo 64 za juu. Zilizobaki ni kuzibua.

Mwalimu: Baba Pacha, kazi yako imepunguza urefu wa kujengwa upya kwa zaidi ya nusu kabla hatujafika kikaoni. Asante sana.

Katibu: Nimeandika. Someni, mrekebishe:

"Kwa Karani wa Bunge la Kaunti. Sisi wakazi tuliotia sahihi tunaomba: (a) mstari wa ukarabati wa mitaro katika wadi yetu utaje sehemu kutoka geti la bluu hadi kalvati ya barabara kuu, mita 155, ambapo 64 ni za kujenga upya na 91 ni za kuzibua, pamoja na mifuniko mitatu, (b) mulika mwizi ya stendi ikarabatiwe kutoka pesa za matengenezo ya kawaida, isijengwe mpya, (c) nyongeza yoyote itolewe kwenye mistari ya ukarimu na safari za nje, na pesa za dawa zisipunguzwe, (d) kazi ikianza, tupewe nakala ya BQ (orodha ya vifaa, kazi na bei) na muda wa mkataba."

Kijana wa Saiba: Kiswahili kitakubalika?

Mwalimu: Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi, Kifungu cha 7. Peleka hivyo hivyo.

Fundi wa Stima: Hiyo (d) ni nzuri. Nikiwa na BQ naweza kusimama pale nikahesabu mifuko ya simiti mwenyewe.

Mwenyekiti: Na wakikataa kutupa?

Katibu: Tunaomba kwa sheria ya kupata habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Pia ripoti za Mdhibiti wa Bajeti hutoka kila robo mwaka, kaunti kwa kaunti. Nitakuwa nikiziweka humu tuone idara ya barabara imetumia kiasi gani kati ya ilichotengewa. Kukiletwa bajeti ya ziada katikati ya mwaka, hapo ndipo miradi midogo hukatwa kimya kimya. Tutaangalia kama mstari wetu bado upo.

Mama Duka: Hiyo ya bajeti ya ziada nipe mimi kazi ya kuwakumbusha. Siku zote niko hapa dukani.

Mwenyekiti: Imepita. Kijana chapisha nakala tatu: moja ya Karani, moja ya ofisi ya MCA (mbunge wa kaunti wa wadi yetu), moja yetu. Yetu irudi na muhuri wa kupokelewa, bila muhuri msiondoke pale mezani.

Kijana wa Saiba: Kesho saa nne asubuhi ziko tayari. Za kuchapisha sitozi.

Shosh: Na mimi nitatia sahihi wa kwanza. Nileteeni nyumbani, goti halinipeleki mbali.

Kijana wa Saiba: Nakuja na karatasi pamoja na zile kurasa, Shosh.

Mama Duka: Wengine wote, baada ya Shosh karatasi itakuwa kwangu dukani hadi saa tatu usiku. Njooni na kitambulisho, muandike na nambari ya nyumba.