Mrejesho: ile softikopi ya kitabu cha 1987 iliyokuwa ghali kuliko cha karatasi

Assalaam aleikum ndugu zangu, mimi ndie nlouliza wiki iliyopita kwanini kitabu cha historia ya biashara ya majahazi, kimechapwa 1987, softikopi yake dola 38 na cha karatasi cha mtumba kinauzwa dola 9.

Ahsanteni sana kwa majibu. Yule alosema nsililaumu duka kasema kweli. Nimesoma, kumbe tangu 2010 wachapishaji wakubwa wa Marekani walianza kupanga bei wenyewe na duka linachukua asilimia 30 tu, mpaka serikali ya kule ikawashitaki watano pamoja na Apple mwaka 2012, lakini mtindo wenyewe haukufa.

Basi nkamuandikia mchapishaji, akanjibu mistari miwili, bei ni ya maktaba za vyuo vikuu. Sasa mie mwalimu wa skuli huku Chake Chake nina chuo kikuu gani jamani? Na dola 38 hiyo hununui kitabu khasa, unanunua ruhusa ya kusoma tu, huwezi kumuazima mwenzio wala kumuachia mwanao, na wakitaka wanakufutia, Amazon walishawafutia watu vitabu kwenye Kindle zao, vile vifaa vya kusomea softikopi, 2009. Hilo ndo limeniuma zaidi kuliko bei.

Mwisho nmeagiza cha mtumba, shemeji yangu anarudi kutoka London mwezi ujao ataniletea. Kikifika, alioko Pemba anaetaka kukisoma aniambie, ntamuazima.