Nimevaa saa yangu kwenye kikao cha harusi, naambiwa naringa. Mnataka nini hasa?

Wakuu, habari za usiku.

Nina hasira, na nimeamua kuandika nikiwa nayo, maana nikisubiri ipoe nitanyamaza kama nilivyonyamaza Jumapili.

Jumapili hiyo nilikuwa kwenye kikao cha harusi hapa Tabata. Binti anayeolewa ni mtoto wa jirani yangu wa miaka mingi, ananiita baba mdogo tangu anasoma chekechea. Nilitoka kanisani moja kwa moja, mikono ya shati nimeikunja kwa sababu ya joto, saa yangu ya Rolex mkononi. Ilipofika zamu yangu ya kutaja ahadi nikasema laki mbili. Kadi ya dabo pale ni laki na nusu, kwa hiyo nilikuwa nimeshavuka. Mwenyekiti hakuandika. Aliilaza kalamu juu ya daftari, akautazama mkono wangu, halafu akasema: "Chifu, mkono wako unasema kitu kingine."

Watu wakacheka. Mama mmoja aliyekaa nyuma akadakia, "Laki mbili si hela ya pini za mkanda tu hiyo!" Wakacheka tena. Mimi mtu mzima, nina mvi, nimekaa kwenye kiti cha plastiki najaribu kutabasamu. Mwishowe mwenyekiti akaandika laki mbili na pembeni akaweka alama ya kuuliza. Niliiona kwa macho yangu, maana nilikuwa meza ya mbele.

Wakati wa chai kijana mmoja akaniomba aitazame. Nikamnyooshea mkono kwa moyo mweupe kabisa, nikamweleza na namna inavyofanya kazi. Akapiga picha. Sijafika hata nyumbani, picha iko kwenye grupu la WhatsApp la harusi lenye watu 143, na bei aliyoitoa mtandaoni ameigeuza kuwa shilingi. Chini kaandika: "Wenye nacho wapo, tusiwaonee huruma." Bei yenyewe si ya saa yangu. Ni ya ile ya dhahabu tupu. Yangu ni chuma na dhahabu, tena niliinunua ikiwa imeshavaliwa na mtu mwingine. Lakini nani atasoma masahihisho?

Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa nimepokea simu tatu. Ada, matibabu, na mtu wa kijijini kwetu ambaye hatujaongea miaka sita anataka mtaji. Mke wangu yeye hakuwaza hela, aliwaza wezi. Watu 143, nusu hatuwajui, wanajua nyumba yetu ilipo na wanajua kilichomo. Amekata funguo mpya za geti. Hiyo ndiyo zawadi niliyoletewa na kikao.

Sasa ngoja niwaambie hiyo saa ni kitu gani, kwa sababu naona watu wanahukumu wasichokijua.

Mimi ni baharia. Niliingia chumba cha injini mwaka 2001 nikiwa waipa, yule wa kufuta mafuta sakafuni na kubeba ndoo. Nikawa oila, yule wa kulainisha mitambo kwa mafuta, nikarudi chuo, nikapanda daraja moja moja. Huko chini joto linapita nyuzi 40, kelele ni za kuziba masikio, na zamu ni saa nne ndani, saa nane nje, usiku na mchana. Mwaka 2010 tulipita Ghuba ya Aden wakati meli zinatekwa mfululizo, tukiwa tumefanya mazoezi ya kujifungia ndani kwa milango ya chuma. Mtoto wangu wa pili alizaliwa mimi niko Salalah, Oman. Nilimwona ana miezi saba, akalia aliponiona kwa sababu hanijui. Mwaka 2016 nikapata daraja la injinia wa pili. (Chifu, yaani injinia mkuu wa meli, ni jina la mtaani tu, sijafika huko.) Meli ikafunga Jebel Ali, bandari ya Dubai, nikapanda basi hadi mtaa wa Deira, nikaingia duka la saa zilizotumika, nikalipa dola 7,000 za jasho langu. Rolex Submariner, saa ya wapiga mbizi, uso wa bluu. Nilikuwa nimeitamani miaka kumi na moja, tangu nilipoiona mkononi mwa chifu wangu mmoja, Mfilipino ambaye kila akimaliza kazi aliisafisha kwa mswaki wa zamani.

Ukiitoa juani ule ubluu unageuka karibu zambarau. Ile duara ya juu ukiizungusha inalia tik, tik, tik, mara 120 mpaka irudi ilipoanzia, na haikubali kurudi nyuma, ili mpiga mbizi asije akajidanganya kwamba bado ana hewa ya kutosha. Imetengenezwa kuhimili maji ya kina cha mita 300. Ndani hakuna betri. Kuna springi, kuna kipande cha chuma kinachozunguka kila ninapotikisa mkono na kuikaza hiyo springi, na kuna gurudumu dogo linalopiga mara 28,800 kwa saa, yaani mara nane kila sekunde. Nikiivua nikaiweka mezani, itatembea siku mbili hivi halafu itasimama. Mkono wangu ndio mafuta yake. Mtu niliyelala na kuamka na mashine ya ukubwa wa nyumba miaka yote hii, mkiniuliza kwa nini napenda mashine ya ukubwa wa kifuniko cha soda iliyokamilika namna hiyo, mnaniuliza kwa nini napenda kazi yangu.

Najua mtakachosema: saa ya elfu kumi inasoma muda uleule. Ni kweli, tena inausoma vizuri kuliko yangu. Siku ya Krismasi mwaka 1969 Wajapani wa Seiko walitoa saa ya mkononi ya kwatzi, mama wa hizi za betri tunazozivaa leo, na miaka iliyofuata viwanda vya saa vya Uswisi vikaanguka kimoja baada ya kingine. Yangu inapishana sekunde kadhaa kwa siku, ya betri inapishana hizohizo kwa wiki nzima. Kwa kusoma muda tu nisingeinunua. Hata kitenge cha doti kinasitiri sawasawa na gunia, lakini hakuna mwanamke anayeenda harusini na gunia, wala hakuna anayemwambia kwamba kitenge chake kinaringa.

Na sikatai kwamba hizi kampuni zinauza sifa. Zimeuza sifa tangu zamani. Mwaka 1927 mwanamke wa Kiingereza, Mercedes Gleitze, aliogelea kwenye mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa akiwa na Rolex imening'inia shingoni, na baada ya hapo kampuni ikalipia ukurasa wa mbele wa gazeti la London kuitangaza saa iliyoshinda maji. Kwa hiyo sitawadanganya kwamba naivaa bila kujua watu wanaiona. Najua. Napenda inavyong'aa, na mtu akiisifia nafurahi, kama anavyofurahi aliyesuka nywele akisifiwa. Hilo nalikubali mbele yenu wote.

Lakini kufurahi kuonekana siyo maringo. Mwenye maringo anakutafuta wewe hasa, anataka ukimwona ujione mdogo. Mimi msibani siivai. Nikienda kumwona mgonjwa hospitali siivai. Kwenye daladala naivua naitia mfukoni. Kabla ya andiko hili sijawahi kumtajia mtu bei yake, hata mke wangu aliijua baada ya mwaka. Aliyetaja bei mbele ya watu 143 ni nani, mimi au wao? Aliyefanya mkono wangu uwe mada ya kikao ni nani?

Na huyo aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa amevaa kopi. Nilimtambua nilipompa mkono: mshale wake wa sekunde unaruka hatua kwa hatua, wa yangu unateleza. Simdharau, kila mtu na uwezo wake na mapenzi yake. Ila saa ile imetengenezwa kwa kazi moja tu, watu wadhani ni kitu ambacho siyo. Hakuna aliyemwambia anaringa. Ahadi yake ya elfu hamsini iliandikwa bila alama yoyote.

Halafu kuna hili ambalo ndilo linaninyima usingizi.

Mwezi wa nne tulikuwa na harambee ya kumalizia zahanati. Mgeni rasmi alikuja, kiongozi, simtaji. Alisimama kwenye kipaza sauti, akanyoosha mkono kuonyesha ukuta ambao haujapigwa plasta miaka minne, na saa yake ikamulika mpaka tuliokaa nyuma. Dhahabu tupu, mpaka mkanda. Mshahara wa mtu yule unatoka kwenye kodi zetu. Sisemi kaiba, labda ana mashamba, labda kapewa na mkwewe. Nasema hakuna hata mmoja aliyeuliza. Watu walipanga foleni kupiga naye picha. Nilisikia kwa masikio yangu, "Mheshimiwa anapendeza, anajua kuvaa." Na mwenyekiti wangu huyuhuyu wa kikao, mwenye alama ya kuuliza, ndiye aliyemshikia mwavuli.

Kwa hiyo saa ya dhahabu mkononi mwa anayelipwa na wananchi ni kupendeza, ila saa ya chuma na dhahabu mkononi mwa aliyefuta mafuta sakafuni ni maringo. Mkitaka kuuliza swali la saa, lipo, na wenzetu wameshauliza kwa watu wanaostahili kuulizwa. China, Agosti 2012, basi liligongana na lori lililobeba kemikali mkoani Shaanxi, watu 36 wakafa. Ofisa wa usalama kazini wa mkoa, Yang Dacai, akapigwa picha akitabasamu pale penye ajali. Wananchi wakaenda kuchimbua picha zake za nyuma, wakaanza kuhesabu: kila picha saa nyingine, na zote za bei kubwa. Haikuishia kwenye matusi. Septemba 2013 mahakama ikamfunga miaka 14 kwa rushwa na kwa mali asiyoweza kuieleza. Peru, Machi 2024, polisi walivunja mlango wa nyumba ya rais wao wa wakati huo, Dina Boluarte, wakitafuta saa za Rolex ambazo hakuwa amezitangaza. Baadaye akasema aliazimwa na rafiki yake gavana. Hapa jirani, vijana wa Kenya walipoingia barabarani Juni 2024 kupinga muswada wa fedha, walikuwa wanazungumzia kodi, lakini walizungumzia pia saa na mikanda na viatu vya wanasiasa waliokuwa wanawaambia nchi haina hela. Pale swali lina maana. Mtu anakuomba ufunge mkanda huku wake hujui kaupata wapi.

Mimi sijamwomba mtu kodi. Sijasimamia fedha ya mtu. Nina risiti ya duka la Deira iko kwenye bahasha pamoja na vitabu vyangu vya meli, mihuri ya bandari zote ipo, mikataba ipo. Mheshimiwa hakuombwa hata kimoja, na mimi nimekadiriwa kipato kwa jicho, mbele ya watu, na mwenyekiti wa harusi.

Tena kuna uongo mwingine ndani ya hii hesabu. Watu wanadhani thamani iliyo mkononi ni hela iliyo mfukoni. Hapana. Hela ile ilishatoka mwaka 2016, haipo. Tangu mkataba wangu wa mwisho uishe nina miezi mitano sijapanda meli, na Bahari ya Shamu imekuwa shida tangu meli zilipoanza kushambuliwa mwishoni mwa 2023, mawakala wanapiga simu halafu wanatoweka. Laki mbili nimeitoa kwenye akiba ambayo ina majina ya watoto wangu juu yake. Ningeweza kuyasema haya pale kikaoni, na wangenihurumia. Sikusema, kwa sababu sidhani kama mtu anatakiwa kutangaza shida zake ili aruhusiwe kuvaa kitu chake.

Kuna rafiki yangu kanishauri niiache nyumbani mpaka harusi ipite. Kwa nia njema kabisa. Nimemkatalia. Nikiivua kwa sababu hiyo nitakuwa nimekiri kosa ambalo sijalitenda, na mwakani watahamia kwenye viatu.

Leo jioni nimelipa. Laki mbili yote kwa mkupuo, kwenye namba ya mweka hazina, na makato juu yangu. Baada ya dakika mbili akajibu: "Imepokelewa kaka, Mungu akubariki. Tumeiandika kama awamu ya kwanza."

Nimemwandikia kwamba hakuna awamu ya pili, na kwamba ile picha iondolewe kwenye grupu usiku huu. Amesoma. Tiki za bluu zipo. Mpaka naandika hapa hajajibu, na picha bado ipo.