Maelezo ya huduma zinazowashwa na Ubuntu yenyewe

Muulizaji: Ndugu wanajukwaa, katika mfumo endeshi wa Ubuntu wa kompyuta ya mezani nimekuta huduma ya avahi-daemon inafanya kazi bila mimi kuiwasha, na ukurasa wake wa mwongozo unataja itifaki na vigezo vya amri pasipo kusema nitakosa nini nikiizima. Maelezo haya yaboreshweje?

Mchangiaji wa kwanza: Huduma hiyo hutambua printa na kompyuta nyingine za mtandao wa ndani kupitia mlango wa mtandao UDP 5353; ukiizima, majina ya kompyuta yanayoishia na .local huenda yasipatikane. Sentensi hiyo ndiyo ingetangulia vigezo vyote.

Mchangiaji wa pili: Naunga mkono, ila itajwe pia avahi-daemon.socket (sehemu inayosubiri maombi na kuiwasha huduma hiyo), kwani anayesimamisha huduma peke yake huikuta imeamka tena programu nyingine inapoihitaji.