Ushauri wa haraka: sarafu ya dhahabu ya Marekani, niiuze kwa gramu?

Binti Kilwa: Wakuu, habari za jioni. Niko Ohio, natunza wazee majumbani. Nina sarafu ya dhahabu ya dola 20, ya zamani. Upande mmoja mwanamke anatembea kashika mwenge, upande wa pili tai anaruka juu ya jua. Kuna sonara huku anaitaka kwa bei ya gramu na nimeshampa neno, Jumatatu nampelekea. Hiyo bei ni haki au naibiwa? Usingizi sipati.

Mnyamwezi Halisi: Sonara muogope dada. Babu yangu Tabora alikuwa na rupia 15 ya Mjerumani ya 1916, ile yenye tembo na mlima nyuma. Sonara akaiyeyusha akamtengenezea bibi hereni. Ukoo mzima unaumia mpaka leo.

Mpenda Sarafu: Ina mwaka gani?

Binti Kilwa: Ya kabla ya vita. Sonara kasema mwaka hauna maana, dhahabu ni dhahabu.

Mpenda Sarafu: Una maana kubwa. Za 1924 zilitengenezwa zaidi ya milioni 4, nyingi zikasafirishwa kwenye mabenki ya Ulaya na huko zikapona. Leo hazikosekani mnadani. Kuanzia 1929 nyingi hazikutoka kabisa kwenye maghala ya serikali. Aprili 1933 Rais Roosevelt akaamuru watu wasalimishe dhahabu, na kuanzia 1934 sarafu zikayeyushwa kuwa matofali. Za 1931 zilikuwa karibu milioni 3, nenda kazitafute leo uone. Taja mwaka.

Binti Kilwa: 1932.

Mama Wawili: Mdogo wangu, samahani. Umeipata wapi?

Binti Kilwa: Babu niliyekuwa namhudumia alinipa kwa mkono wake, akili zake timamu. Amefariki. Watoto wake hawajui. Ila hao watoto hata salamu hawakuja kumpa, mimi ndiye nilikuwa namwogesha na kumlisha. Ada ya wanangu inadaiwa nyumbani. Sijaiba.

Mama Wawili: Hakuna aliyesema umeiba. Lakini zawadi isiyo na karatasi wala shahidi, na aliyetoa yuko kaburini, familia wakiisikia watakuita mwizi tu. Tena waajiri wengi wa kazi hiyo wanakataza zawadi. Nenda kwa msimamizi wa mirathi useme mwenyewe.

Jicho la Mwewe: Chai hii. Sarafu adimu hivyo itoke kwa babu anayeogeshwa na mtu wa Kilwa? Tumeshaona nyuzi za zebaki nyekundu, za rupia, zote zinaanza na kilio cha ada. Kesho ataomba nauli. Picha iko wapi?

Binti Kilwa: Sijaomba senti ya mtu. Picha siweki, familia ile wanaweza kuiona. Juu ya mwaka hakuna herufi. Ukingoni kuna maandishi na nyota kuzunguka.

Mpenda Sarafu: Mwewe, amri ile iliruhusu mtu kubaki na dhahabu ya dola 100, yaani sarafu tano kama hiyo, na za wakusanyaji ziliachwa. Kwa hiyo kuwa nayo si ajabu. Na kweli 1932 zilitengenezwa kiwanda cha Philadelphia tu, hazina herufi ya kiwanda. Ila za bandia nazo zipo nyingi. Dada, pima: gramu 33.4, upana milimita 34. Usiisugue hata kwa kitambaa. Ya 1932 ni halali kumiliki. Ya 1933 ndiyo yenye kesi, familia moja ilinyang'anywa 10 na serikali ikashinda mahakamani. Moja tu iliruhusiwa kuuzwa kwa mtu binafsi, ikafika dola milioni 18.9 mwaka 2021. Yako haifiki huko, ila ikiwa ya kweli, kuiuza kwa gramu ni kuitupa. Ipeleke kwa wakaguzi wa sarafu.

Jicho la Mwewe: Kama ni kweli, basi hilo la wakaguzi ni sawa. Bado nataka picha.

Binti Kilwa: Sonara kapiga simu tena, anataka nije kesho badala ya Jumatatu. Anasema anaongeza kidogo.

Mpenda Sarafu: Si alisema mwaka hauna maana? Sasa haraka ya nini? Usiende.

Mama Wawili: Wakili kwanza, mdogo wangu, wakaguzi baadaye.

Binti Kilwa: Wakili nitamtafuta, na sonara simpelekei. Ila kuwarudishia wale watoto, hapana dada. Babu alinipa mimi.